Binti yangu anamalizia mapumziko chooni akisoma kitabu. Niingilie au nimwache?

MamaWaKatikati

Habari zenu wazazi na walezi. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo limenifika.

Nina watoto watatu. Ninayemleta kwenu ni wa katikati, binti wa miaka 10. Mwezi uliopita alianza kusoma. Mnielewe: huyu ni mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu bila kukimbizwa nacho nyumba nzima. Ghafla, ndani ya wiki mbili, amerudisha vitabu vinne vya maktaba ya shule. Nikawa najigamba kwa dada yangu kwenye simu. Mpaka jioni moja nikamuuliza, unavisoma saa ngapi, mbona hapa nyumbani sikuoni? Akajibu huku anavua viatu, kwa sauti ile ile ya kunitajia somo la kesho: "Wakati wa mapumziko. Chooni. Kile cha mwisho, ndicho kinafungika."

Nilikaa palepale kizingitini.

Nilichokipata kidogo kidogo ni hiki. Tangu darasa la pili walikuwa watatu, yeye na wenzake wawili. Mwaka huu akaja msichana mgeni, akapendana na mmoja wao, na hesabu ikaharibika. Mchezo wao ni kuruka kamba. Wawili wanashika, mmoja anaruka. Siku moja binti yangu akafika, akaambiwa "tumeshatimia." Kesho yake tena wametimia. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma.

Halafu kuna penseli. Nilimnunulia penseli za rangi 12, zikabaki 3: nyeupe, kahawia na kijivu. Nilimgombeza sana kwa uzembe. Kumbe alikuwa anazigawa ili aachiwe zamu kwenye kamba. Nyekundu, anasema, ilimpa siku mbili.

Na hapa ndipo nilipoharibu. Nilimpigia mama wa mmoja wao, tunafahamiana kidogo, tukaongea vizuri tu. Kesho yake wale wasichana walijipanga foleni mbele ya dawati la mwanangu, mmoja baada ya mwingine, wakimwambia kwa sauti ya kuigiza, "Hujambo rafiki yetu mpendwa?" Darasa zima likacheka. Alirudi nyumbani akaniambia neno moja: "Mama, usinisaidie tena."

Shule iko tayari kumhamishia mkondo mwingine, lakini wanataka jibu kabla ya muhula ujao. Baba yake anasema tumwache ajifunze maisha. Mimi silali. Nifanye nini?

---

BabaNgangari

Watoto hao. Leo wamenuniana, kesho utawakuta wamekumbatiana na wewe ndiye umebaki na kinyongo na mama mwenzako. Sisi tulichuniwa, tukapigwa, na tumekuwa watu. Mwache.

---

MamaWaKatikati

Mkuu, hii ni wiki ya sita.

---

Mwalimu_Chaki

Mama, pole. Nimefundisha shule ya msingi miaka 26 na milango ya vyoo hivyo nimewahi kuigonga. Nitaandika kirefu, mnivumilie. Mtu anayesahihisha madaftari usiku peke yake akipata wa kuongea naye hashikiki.

Nianze na la kuhama mkondo kwa sababu ndilo lenye tarehe. Kabla hujajibu, jua kwamba kuna watoto wa aina mbili ambao kwa mbali wanafanana, wote utawakuta wameegemea ukuta peke yao. Ukiwaambia wanafunzi waandike kwa siri majina matatu ya wanaotaka kukaa nao, na majina matatu ya wasiowataka, mtoto wa kwanza hatokei popote. Hapendwi, hachukiwi, amesahaulika. Wa pili anatokea sana, ila kwenye orodha mbaya. Huyo amekataliwa.

Zoezi hilo la majina ni la zamani. Jacob Moreno alilieleza kwenye kitabu chake cha 1934, akichora vishale kutoka mtoto hadi mtoto mpaka darasa likaonekana kama ramani ya njia. Mwaka 1982 John Coie, Kenneth Dodge na mwenzao wakalipangia hesabu nzuri zaidi, na ndipo wakamtenga pia yule mtoto ambaye nusu ya darasa inamtaka na nusu haitaki hata kumsikia. (Kila mwalimu anaye mmoja. Wangu mwaka huu anajua kuiga sauti yangu.) Mimi hufanya zoezi hilo kila mwanzo wa muhula, kisha karatasi nazichana. Ila swali la wasiotakiwa niliacha kuliandikisha. Mwaka mmoja nililiuliza asubuhi, na mapumziko hayajafika watoto walikuwa wanabanana mlangoni: "Wewe ulimwandika nani?" Nilijiona nimewakabidhi kiberiti. Siku hizi la upande huo nalitafuta kwa macho.

Tofauti hiyo ina kazi gani kwako? Mwaka 1983 Coie na Janis Kupersmidt waliwachukua wavulana wa darasa la nne, wakawaweka vikundi vya wanne wanne, wakawa wanakutana kucheza mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Vikundi vingine vilikuwa vya watoto ambao hawajawahi kuonana. Kufika mara ya tatu tu, aliyekataliwa shuleni kwake ameshakataliwa tena na hawa wageni. Yule aliyesahaulika, kinyume chake, alichangamka alipokuwa na watu wasiomjua. Kwa hiyo mkondo mpya unaweza kumfungulia mmoja mlango, na mwingine ukampa ukuta mwingine wa kuegemea.

Binti yako, kwa ulivyoeleza, sidhani kama ni yeyote kati ya hao. Mtoto aliyeshika marafiki wawili kuanzia darasa la pili anajua urafiki unavyofanywa. Amebanwa nje ya kundi moja, na wewe pamoja na yeye mmeliona kundi hilo kama ndilo darasa zima. Darasa lina watoto wangapi? Wengine wanamwonaje? Hilo hujatuambia, na nahisi hujui. Usimhamishe kabla ya kulijua.

Jambo la pili ni namna anavyoingia mchezoni. Nilikuwa na mvulana mmoja, akili nyingi, moyo safi, na kila alipokaribia mpira mpira ulihama. Nikakaa dirishani siku tatu kumtazama. Alikuwa anafika mbio, anasimama katikati, anauliza, "Mnacheza nini? Nani anaongoza? Mbona mpaka mmeuweka hapo, unatakiwa kuwa pale." Sasa, kuna utafiti wa Martha Putallaz na John Gottman, 1981, watoto wa darasa la pili na la tatu, uliokuta karibu hilohilo: wasiopendwa na wenzao walipojaribu kuingia kwenye mchezo unaoendelea walikuwa wepesi wa kuuliza maswali, kujieleza wao wenyewe na kupinga. Mchezo unasimama ili wao washughulikiwe. Waliopendwa walijiunga na lililokuwa likiendelea bila kuvuta macho yote kwao. Yule wangu nilimfundisha kitu kimoja tu: nenda nyuma ya goli, usiseme lolote, mpira ukitoka uurudishe. Siku ya nne golikipa akamwambia, "Kaa hapa basi, nishikie upande huu." Mpaka anamaliza shule alikuwa beki, beki mbovu, lakini beki.

Kwa wako silaumu namna ya kuingia, maana kamba ile imefungwa makusudi. Namsemea kwa ajili ya kamba nyingine.

La tatu, usimwalike nyumbani yeyote kati ya wale watatu, na usialike watoto wawili. Ukialika wawili umeirudisha ile hesabu sebuleni kwako. Mmoja. Saa mbili zinatosha, tena wawe na kitu cha kufanya kwa mikono, na uwatenganishe wakati bado wananogewa. Ernest Hodges na wenzake walifuatilia watoto wa darasa la nne na la tano kwa mwaka mmoja, wakachapisha 1999: watoto walioonewa waliendelea kuharibika kitabia na kihisia pale tu walipokuwa hawana rafiki wa karibu. Waliokuwa naye hata mmoja, uonevu haukuwaachia alama ile.

Na simu kwa mama mwenzako, umeshaona. Ukimpigia mzazi, mzazi anamgombeza mwanawe, na mwanawe anamlipizia wako mahali ambapo wewe na yule mama hampo.

---

ZamuYaUsiku

Mwalimu, nakuheshimu, ila kuna kitu umekipita haraka. Tunamfundisha mtoto aliyefungiwa mlango jinsi ya kubisha hodi kwa adabu, na waliofunga wanaendelea kuruka kamba.

Dan Olweus, aliyeongoza kampeni ya shule za Norwe mwaka 1983, aliweka vipimo ambavyo mpaka leo vinatumika: kuna nia ya kuumiza, jambo linarudiwa, na mmoja hana nguvu sawa na wenzake. Chukua foleni ya "rafiki yetu mpendwa" uipime. Nia ipo. Wiki sita. Watatu kwa mmoja. Huo ni uonevu hata kama hakuna aliyeguswa nywele. Nicki Crick na Jennifer Grotpeter waliandika mwaka 1995 juu ya ukatili wa aina hiyo hasa, wa kumuumiza mtu kupitia mahusiano yake: kumtoa kundini, kumtishia urafiki, kumvumishia. Mpaka wakati huo waliohesabu ugomvi wa watoto walikuwa wanahesabu zaidi ngumi, na wasichana wakaonekana malaika.

Na wewe BabaNgangari, "tumekuwa watu" ni kipimo cha chini sana. Kuna mchezo wa kompyuta ambao Kipling Williams na wenzake waliutumia, wa kurushiana mpira tu. Baada ya muda wenzako wawili wanaacha kukurushia. Watu wazima waliumia, na walipokuja kupimwa tena, 2004, wakiwa wameambiwa wazi kwamba wanaocheza nao ni kompyuta, bado waliumia. Mtu mzima, na mashine. Huyu ana miaka 10 na anawajua kwa majina.

Mimi ningeenda kwa mwalimu wa darasa na tarehe zimeandikwa.

---

Mwalimu_Chaki

Nakubali la tarehe, na nakubali kwamba foleni ile nimeipita haraka. Mama, andika. Siku, mahali, maneno yaliyotumika, bila kuongeza chumvi.

Ila ukifika kwa mwalimu usimuulize, "Mwanangu anaendeleaje?" Atakujibu anaendelea vizuri, na hatakuwa amedanganya, ana watoto wengi na wako hapigi kelele. Muulize, "Wakati wa mapumziko anasimama karibu na nani?" Mwalimu asiyejua jibu ataenda kutazama. Mimi mwenyewe niliulizwa hivyo mara moja na bibi wa mwanafunzi, nikaona aibu mpaka leo.

Na foleni ishughulikiwe na shule, kwa mmoja mmoja, faraghani. Wakiitwa wote watatu pamoja watatoka hapo wakiwa wameshikamana zaidi ya walivyoingia.

---

kitinda_mimba16

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 16 na sijui kama naruhusiwa kuchangia, ila nilikuwa mmoja wa wale wa kamba. Sio hao, wa kwetu.

Tulikuwa wanne tukamtoa mmoja. Nitawaambia ukweli, mimi sikuwa na tatizo naye kabisa. Aliyeanza ni mwenzetu mmoja, alisema tu "leo tusiongee naye tuone atafanyaje." Nikacheka. Ilikuwa kama mchezo. Siku ya tatu nilitaka kumsalimia lakini nikaona macho ya yule mwenzetu. Nikajua nikisalimia, zamu inayofuata ni yangu. Kwa hiyo nikawa ndio nacheka kwa sauti kuliko wote. Mama yangu aliletewa malalamiko, akanichapa maneno usiku kucha, kesho nikamchukia yule msichana badala ya kujichukia mimi.

Kilichoivunja sio mkubwa. Kuna mvulana, hata hakuwa rafiki yetu, tulipokuwa tunamwigiza anavyotembea alisema "hii mbona haichekeshi." Basi. Akaendelea kula zake. Sote tukajiona wajinga.

Mama, anayeanzisha ni mmoja tu kwa kawaida. Hao wengine wanaogopa. Muulize binti yako nani kati yao haangalii usoni wakati wa kucheka.

(Na akifika umri wangu kamba inahamia kwenye simu. Unatolewa kwenye kundi usiku, unajua asubuhi. Hapo hakuna choo cha kufunga.)

---

ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, umefanya vizuri kusema. Ulichokiona kwa yule mvulana kimewahi kunaswa kwa kamera. Debra Pepler na wenzake waliweka kamera na vinasa sauti kwenye viwanja vya shule huko Toronto; ripoti ya 2001 inasema wenzao walikuwepo karibu kila uonevu ulipotokea, wakaingilia mara chache, chini ya moja kati ya tano. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

---

BabaNgangari

Mimi nilichuniwa darasa la sita, muhula mzima. Nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta wa stoo. Sijui kwa nini nimesema mwacheni.

---

MamaWaKatikati

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Samahani kwa ukimya.

Nilianza na swali la bibi, nikamuuliza mwalimu wake anasimama karibu na nani. Akanyamaza. Siku mbili baadaye akanipigia yeye: hasimami na mtu, ila akitoka chooni hupitia maktaba kurudisha kitabu, na pale kuna msichana wa mkondo ule mwingine anayesaidia kupanga vitabu. Wanaongea. Kidogo, lakini wanaongea. Nilipomtaja jina nyumbani binti yangu akasema, "Aa, yule. Yeye anasoma mwisho kwanza." Kwa dharau, lakini ya mtu aliyechunguza.

Swali la kitinda_mimba nililiuliza pia. Alifikiri muda mrefu. Kisha akamtaja mmoja wa wale wawili wa zamani, akaongeza, "Yeye kwenye foleni alisema hujambo kweli." Sikujua nifanye nini na jibu hilo, nikaliacha.

Foleni nimeipeleka shuleni na tarehe zake. Waliitwa mmoja mmoja. Sijui waliambiwa nini na nimejizuia kuuliza. Foleni haijarudiwa. Kamba bado imetimia.

Mkondo sijambadilisha bado, na najua mtashangaa maana msichana wa maktaba yuko huko huko. Nilimuuliza mwenyewe. Akasema akihama sasa wale watajua wamemfukuza, na pia kwamba yule wa maktaba akimwona kila siku "atanichoka." Nimeomba shule iniongezee muda hadi katikati ya muhula. Baba yake, aliyetaka ajifunze maisha, ndiye aliyekwenda kuomba.

Jumamosi msichana yule alikuja kwetu. Saa mbili, kama ulivyosema mwalimu. Niliwapa boksi kubwa la katoni na mkasi, wakajenga kitu ambacho mpaka sasa sijaambiwa ni nini. Dakika 40 za kwanza hawakusemezana zaidi ya "nipe gundi," na mimi nimejibanza jikoni karibu nilie. Halafu nikasikia wanabishana. Wanabishana! Kwamba mlango uwe upande gani. Nikamshika mume wangu mkono asiende kuamua.

Jana usiku nikapanga begi lake. Kwenye mkebe bado kuna zile penseli tatu, na kifutio cha kijani ambacho sijanunua mimi. Nikajua ameanza tena biashara yake, safari hii kwa upande wa pili. Nikamwita, nikamuuliza amekitoa wapi.

"Cha yule. Tumeazimana. Yeye ana ile kahawia."

Nikatazama tena mkebe. Kweli, zilikuwa mbili.